Vibao Arobaini na Nane

Waya wa kulehemu uliisha Jumanne saa nne asubuhi, na aliyeushika mkononi ulipoisha ni Adolphine Musonda. Alivuta, akavuta tena, akabaki na kigurudumu kitupu cha kadibodi. Mbele yake mezani kulikuwa na vibao arobaini na nane ambavyo havijaguswa. Maisha ya mume wake yalitegemea vibao hivyo.

Karakana ya Patron Vassos ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, katikati ya mji wa Wazungu wa Élisabethville. Haikuwa na bidhaa yake yenyewe. Kampuni moja ya biashara ililetewa vipande vya redio kutoka Ulaya, ikavipeleka pale vikiwa kwenye masanduku: vibao vyembamba vyenye mistari ya shaba mgongoni, transista, na vidude vidogo vya rangi rangi vyenye miguu miwili au mitatu. Ilileta na mchoro. Kazi ya karakana ilikuwa kuchomeka kila kidude kwenye tundu lake, kulehemu miguu yake upande wa shaba, kukata miguu inayozidi, na kurudisha kibao kikiwa tayari kuimba. Redio iliuzwa kwa jina la kampuni. Kibao kisichoimba hakikulipwa.

Mezani walikaa wanawake watatu, Adolphine, Claudine na Marceline. Patron alipenda kuwaambia wageni kwamba vidole vya wanawake ni vyepesi. Kwamba mishahara yao nayo ilikuwa myepesi, hilo hakuona haja ya kumwambia mtu.

Adolphine alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda kusimama kwenye mlango wa ofisi. Alisimama mpaka patron akamaliza kusoma gazeti.

"Patron, nilikuya kukumbusha ile maneno ya chumba."

"Chumba gani?"

"Ile depo ya nyuma, mwenye kuwa makarto. Ulisema utaangalia."

"Ah. Bwana yako, yeye Muluba ya Kasai, hein?"

"Ndiyo, patron."

"Mi hapana taka matata na bale bijana ya barabara."

"Hatatoka inje, patron. Hata sauti yake hautasikia."

"Anakoroma?"

Kule mezani Claudine alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Adolphine alitazama sakafu. "Hapana, patron," akasema, ingawa Léonard alikoroma tangu siku ya ndoa.

"Plaque kwanza. Samedi ya semaine ingine, zote quarante-huit zinaimba hapa kwa meza, wewe napata chumba. Moja haiimbe, hakuna chumba."

"Patron, waya iliisha."

"Ndege hakuna. Mi nifanye nini? Débrouillez-vous."

Akarudi kwenye gazeti lake, akamwacha ajijue mwenyewe: vibao arobaini na nane, na muda mpaka Jumamosi ya wiki ijayo.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 1961. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo mwaka mzima na zaidi, na tangu mapigano ya mwezi wa tisa kati ya askari wake na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, watu wa Kasai mjini walikuwa wakiwindwa kama wezi. Maelfu walikuwa wamekimbilia kambini, pembeni mwa mji, chini ya ulinzi wa ONU. Waliobaki walijificha. Ndani ya mji wa Wazungu, mbele ya maduka, wale vijana waliozunguka mitaani wakiwawinda hawakuthubutu kufika. Ndiyo maana Adolphine alikitaka chumba kile cha makatoni kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Waafrika uitwao Kenya, na haikuwa na mlango. Vijana waliung'oa Jumapili, mchana kweupe, mbele ya majirani wote, wakauweka kwenye mkokoteni huku wakiimba. Mmoja wao Adolphine alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Pale penye mlango alitundika kitenge, na nyuma ya kitenge hicho alikaa Léonard Kanyinda, mume wake, karani aliyefukuzwa kazi bila hata barua, akimfundisha binti yao Bijou hesabu kwa sauti ya chini.

Adolphine alipofika, Honorine, jirani yao, naye mtu wa Kasai, alikuwa anatoka na sufuria mbili na godoro kichwani.

"Mama Bijou, shiye tunaenda kambi. Bwana yako anangojea nini? Angojee babebe na lupango yote, sawa vile babebaka mulango?"

"Patron atatupa chumba."

"Atawapa," Honorine alisema. Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake, alikuwa amechoka tu. "Wewe uko Mubemba ya Kasenga. We hata ukilala barabarani hawatakugusa. Njo maana unaweza kungojea."

Neno hilo lilimchoma Adolphine, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Jioni hiyo alikuja kaka yake, Kapya, fundi wa bati aliyetengeneza mabeseni na majiko ya makaa kwenye soko la Kenya. Zamani Kapya alikuwa akimwita Léonard "bwana mukubwa wa kalamu", nao wote wakacheka. Siku hizi aliingia bila utani, akaketi upande ambao mtu aliye nje asingemwona. Léonard aliliona hilo. Akasogea ili shemeji yake apate nafasi ya kujificha vizuri.

Adolphine alimweleza kaka yake habari ya waya.

"Na juu ya ile tu unalia?" Kapya alisema. "Soudure ni soudure. Nitakupondea bati, nikukatie nyembamba. Na asidi nitakupa chupa. Ile inakamata hata bati ya kutu."

"Chef Désiré anasemaka tusitie kintu ingine. Ile waya yetu iko na ulimbo mu tumbo yake. Anasema ile tu."

"Juu ya nini?"

Désiré, mkuu wa karakana, hakuwahi kuwaambia. Aliwaonyesha jinsi ya kushika chuma cha moto, wahesabu mpaka mbili, watoe, wasipulize. Walifundishwa mkono, hawakufundishwa sababu. Na Désiré mwenyewe alikuwa kitandani na malaria, hakuna wa kumuuliza.

"Papa Bijou, unaona namna gani?" Adolphine alimuuliza mumewe.

"Mimi najua kalamu, mama Bijou," Léonard alisema taratibu. "Ile kazi ni yako."

Kapya alileta chupa kesho yake asubuhi.

Asidi ilifanya kazi kwa namna ya kushangaza. Adolphine aligusa shaba kwa kijiti kilicholowa, akaweka chuma cha moto, na bati likakimbilia mahali pake lenyewe, likatulia, likang'aa. Waya wa Ulaya haukuwahi kung'aa vile. Marceline aliinama kutazama.

"Eh, yaya, ile ni dawa gani?"

"Ya kaka yangu. Chukua. Na we, Claudine, chukua."

Moshi wake uliwakereketa koo, wakafungua madirisha. Walifanya kazi siku tisa. Adolphine alikaa mbele kupita wote. Vibao thelathini vilipita mikononi mwake peke yake. Jumamosi Désiré alirudi, amekonda, akaviunga kimoja kimoja na betri na spika. Cha kwanza kiliimba. Cha pili kiliimba. Kufika cha arobaini Adolphine alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Cha mwisho kilikwaruza kidogo, kisha sauti ya mtu ikatoka, ikisoma habari.

"Très joli," Patron Vassos alisema, akikigeuzageuza kibao kwenye mwanga. "Inang'aa!" Akampa ufunguo.

Walihama siku hiyo hiyo, kwa baiskeli, Léonard amelala kwenye mkokoteni wa Kapya chini ya mabeseni. Chumba kilikuwa na hatua tatu kwa nne, dirisha dogo, na harufu ya panya. Lakini kilikuwa na mlango. Léonard aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Bijou akacheka, naye akaanza kufanya hivyo hivyo, mpaka Adolphine akawaambia wanamaliza bawaba. Wiki mbili zilizofuata walikuwa na furaha, sina neno jingine. Léonard alilala usingizi mzito, na alikoroma, na Adolphine alimziba pua kila mara akikumbuka ahadi yake kwa patron.

Kisha mvua zikaanza.

Gari la kampuni lilirudisha masanduku Jumatatu asubuhi, yakidondoka maji. Kati ya vibao arobaini na nane, thelathini na kimoja vilikuwa bubu. Désiré alikichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa, akafumba macho. Kando ya kila sehemu iliyolehemiwa palikuwa pameota ukungu wa kijani, kama mkate uliosahaulika kabatini. Unyevu ulikuwa umeamsha asidi iliyobaki, nayo imekula shaba mpaka mistari mingine ikakatika.

"Nani?" Patron Vassos aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

Marceline alimtazama Adolphine, akageuza uso.

"Ni miye, patron. Nilitia asidi ya bafundi ba bati. Bale bengine nilibapa tu, habakujua kintu."

"Asidi! Kwa radio!" Alikitupa kibao mezani. "Mi nafikiri naandika wanawake, kumbe naandika batengeneza ndoo! Kamata bwana yako, toka. Leo."

Kwenye uwazi wa mlango alisimama dereva wa gari, mtu wasiyemjua, akisikiliza yote huku anakula karanga. Adolphine aliona aibu kwa sababu ya karanga zile kuliko maneno ya patron.

Désiré ndiye aliyesema. "Patron, kampuni wanataka plaque zao kwa siku kumi. Wakikosa, watapeleka kazi kwingine. Nani atazitengeneza? Ni kuosha zote arobaini na nane kwa maji ya moto, hata zile bado zinaimba, kung'oa miguu iliyoliwa bila kung'oa shaba, kuunga mistari upya. Wale wawili bado hawajui. Mimi macho yangu hayafiki. Ni huyu tu."

Patron alimtazama Adolphine. Na Adolphine, ambaye hajawahi kumwekea patron sharti lolote, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Nitatengeneza yote. Lakini uniandikie, patron. Miye, mutoto, na bwana yangu, tubakie mu chumba. Uandike, na cachet."

Hakuna mtu wa meza ile aliyewahi kudai karatasi. Patron alicheka kicheko kifupi, akaingia ofisini. Walisikia mashine ya kuandika ikigonga muda mfupi, ikatulia, ikagonga tena. Akatoka na karatasi yenye muhuri wa buluu.

"Voilà. Namna unataka."

Ilikuwa kwa Kifaransa. Adolphine aliweza kusoma jina lake na la Bijou. Aliikunja, akakimbia nayo uani kwa yule aliyejua kusoma.

Léonard aliipeleka karibu na dirisha. Alisoma kimya mara moja, mpaka mwisho. Kisha akasugua macho, akalaumu mwanga.

"Inasema namna gani? Soma!"

"Inasema," Léonard alianza, akifuata mistari kwa kidole, "Madame Adolphine Musonda, na mutoto wake Bijou, na bwana yake Léonard Kanyinda, beko na ruhusa ya kukaa mu chumba ya karakana. Muntu asibasumbue." Akashusha kidole mpaka chini. "Na cachet. Na signature."

"Yote tatu?"

"Yote tatu, mama Bijou. Ulifanya muzuri sana."

Alimkumbatia mkewe kwa nguvu, akamshikilia muda mrefu kuliko kawaida yake, maana hakuwa mtu wa kukumbatia mchana. Adolphine alilia kwa furaha. Alidhani naye analia kwa furaha.

Waya wa kweli ulipatikana kutoka Rhodesia, ukaletwa na lori la Ndola. Adolphine aliosha vibao kwa maji ya kuchemka na mswaki, akavikausha kwenye karai juu ya makaa, akavikwangua, akang'oa miguu iliyoliwa, na pale shaba ilipokatika akaunga kwa uzi mwembamba wa shaba. Désiré sasa alimweleza kila kitu, ulimbo unafanya nini, asidi inafanya nini. Alieleza kwa aibu, akijua kwamba angeeleza mwaka mmoja mapema. Vidole vya Adolphine viliungua, macho yakawa mekundu, lakini alifanya kazi kwa kasi ambayo karakana haijaiona. Alitaka kuimaliza hatari. Kila jioni alivuka ua na hesabu mdomoni kabla hajafika mlangoni.

"Papa Bijou! Imebakia thelathini na tisa!"

"Muzuri."

"Ishirini na mbili!"

"Usifanye mbio sana, mama Bijou. Macho yako."

"Macho nitalala nayo. Tisa! Tisa tu!"

"Eh," Léonard alisema siku hiyo. "Tisa." Akamwita Bijou, akampa hesabu za kugawanya, akamsahihishia mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa asubuhi, Adolphine akifunga kitambaa kichwani, Léonard alimuuliza bado ngapi.

"Tatu. Leo tunamaliza. Nitaleta mukate na sardine, tufanye fête."

"Kazi muzuri, mama Bijou," alisema. Alimfungia kitambaa kisogoni mwenyewe, vibaya, naye akakiacha vile vile.

Saa saba mchana kilikuwa kimebaki kibao kimoja. Adolphine hakuweza kungoja. Alikiacha mezani, akanunua mkate na kopo la dagaa wa Kizungu, akavuka ua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Bijou alifungua akiwa peke yake.

"Papa iko wapi?"

"Alitoka. Aliniambia nifunge mulango, nisifungulie muntu mpaka mama akuye."

"Alitoka kwenda wapi? Mchana hii?"

Mtoto hakujua. Juu ya kitanda kulikuwa na saa ya mkono ya Léonard, imewekwa juu ya ile karatasi. Koti lake halikuwepo. Adolphine alivuta karatasi, saa ikaanguka, hakuiokota. Alirudi karakana akikimbia, akaiweka karatasi mbele ya Désiré.

"Chef, unisomee. Neno kwa neno."

Désiré alisoma kimya kwanza, kama alivyofanya Léonard. Kisha akavua miwani.

"Inasema Madame Adolphine Musonda na mtoto wake Bijou wana ruhusa ya kukaa chumbani. Halafu…" Akaurudia mstari kwa macho. "Halafu inasema, mwanamume wa Kasai anavumiliwa hapo mpaka siku kibao cha mwisho kitakapotengenezwa. Siku hiyo asikutwe. Akikutwa, ruhusa ya wote imekufa."

Adolphine hakulia. Alisimama akihesabu kwa midomo bila sauti. Thelathini na tisa. Ishirini na mbili. Tisa. Kila jioni alikuwa amempelekea mume wake hesabu ya siku zake huku akicheka, naye alikuwa amemjibu muzuri, ili mkono wake usitetemeke, ili chumba kisipotee.

"Adolphine!" Patron Vassos aliita kutoka ofisini. "Moja bado!"

Alikitazama kile kibao. Chuma cha kulehemu kilikuwa bado cha moto kwenye kishikio chake. Alichomoa waya wa umeme ukutani, akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Marceline alimwita, "Yaya, yaya, fikiria mutoto!" lakini alikuwa ameshatoka kumchukua Bijou, kwa kuwa mtu wa Kasai aliyetoka mafichoni alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Kibao cha arobaini na nane kilimalizwa na Claudine.

Kambi ilianza pale nyumba zilipoishia. Ilikuwa nyasi, magunia, mabati na matope, na watu wengi kuliko aliowahi kuwaona mahali pamoja, na moshi, na harufu ambayo Bijou aliiziba kwa kiganja. Askari wa ONU wenye bereti za buluu waliwaruhusu kupita bila kuuliza. Chini ya turubai, kwenye dawati la shule, alikaa mzee mmoja wa Kasai, aliyekuwa mwalimu, na daftari kubwa.

"Jina?"

"Adolphine Musonda. Na mutoto, Bijou."

Kalamu ilisimama. "Musonda? Kabila?"

"Mubemba. Ya Kasenga."

Watu waliokuwa kwenye mstari waligeuka. Mwanamke mmoja akasogeza mtoto wake mbali na Bijou. Mwalimu alishusha sauti.

"Mama, huku haiko nafasi yako. Huku tunakufa na kuhara. We uko na mji, uko na bandugu. Kamata mutoto, urudie."

"Bwana yangu aliingia leo mchana. Léonard Kanyinda. Angalia."

Mwalimu alirudisha kurasa mbili, akashuka na kidole. Mwili wote wa Adolphine ulikifuata kidole kile, maana kutoka karakana mpaka pale kulikuwa na vizuizi vinne vya vijana. Kidole kikasimama.

"Kanyinda Léonard. Karani. Aliingia saa sita na nusu." Akamtazama kwa mashaka. "Lakini hakuna bibi hapa, mama. Aliandikisha mwenyewe: yuko peke yake, hakuoa, haina mutoto."

"Anaongopa. Futa ile."

"Haifutike, mama. Ni wino."

"Basi ongeza," Adolphine alisema, akamnyanyua Bijou, akamkalisha juu ya dawati, kando ya daftari. "Uandike chini yake. Miye, na huyu. Tutangojea mpaka umalize."